Gemu Ndani ya Kanga

Mwanamume wa miaka hamsini na miwili hanunui gemu. Tekla alilijua hilo kama alivyojua kwamba maziwa yasipoangaliwa yatamwagika. Gemu hununuliwa na mtu mwenye mtoto mdogo, mtoto wa umri wa kujitupa chini dukani akilia. Watoto wa Tekla walikwisha kuuvuka umri huo. Koku alikuwa ameolewa Mwanza, na mdogo wake alikuwa chuo cha ualimu Morogoro, akija likizo analilia viatu. Sasa lile dude la plastiki la kijivu, la kuchomekwa kwenye televisheni, lilikuwa la mtoto gani?

Alilikuta juu ya kabati la nguo, nyuma ya sanduku la mashuka, alipokuwa akitafuta mkasi wake mkubwa. Halikuwa ndani ya boksi. Lilikuwa limefungwa kwa kanga, na kanga haikuwa yake.

Hapo ndipo Tekla alipokaa kitandani.

Yeye hakuwa mtu wa kanga. Alizaliwa Kamachumu, akasomea ushonaji na mapishi chuoni mpaka akapata diploma yake, na tangu aolewe alivaa magauni aliyoyashona mwenyewe. Kanga zake zilikuwa mbili tu, za kwendea misibani. Hii ilikuwa nyekundu, imefuliwa mpaka imelainika, inanukia udi. Aliikunjua akasoma maandishi ya chini: SIKUIBA NIMEPEWA USINUNE.

"Ninune mie?" Tekla aliliuliza kabati.

Hata mtu wa bara, akishaishi Dar es Salaam miaka ishirini, anajua kwamba mwanamke wa Pwani hapotezi kanga bure. Kanga hutumwa. Na huyu aliyetuma alikuwa ameituma mpaka juu ya kabati la Tekla, nyumbani kwake Segerea, kwa mikono ya mume wake mwenyewe.

Aliirudisha kanga mikunjo ile ile, akalirudisha gemu mahali pake, akasahau mkasi.

Mambo mengine yalikuwa yamejipanga siku nyingi, yakisubiri kichwa tu. Jumamosi mumewe, Theonest, hakuonekana tena kwenye sala za jumuiya. Alidai kwamba kule Kurasini kwenye yadi, alikokuwa akiandikisha kontena zinazoingia na kutoka, kazi zilizidi. Shati lake lilirudi likinuka udi. Halafu kidole. Wiki ile ile alirudi na kidole cha shahada kimeungua, kimepakwa dawa ya meno. Tekla alikitazama kidole kile kwa makini. Mwanamume aliyeungua kidole amepika. Nyumbani kwake Theonest hajawahi kuchemsha hata yai. Kapika kwa nani?

Hakumuuliza. Ukimuuliza mshukiwa mapema unampa nafasi ya kupanga maneno. Badala yake, wakati wa chakula cha usiku, alimtegea.

"Baba Koku, hivi watoto wa siku hizi wanapenda nini?"

"Watoto gani?"

"Watoto tu. Wadogo."

Theonest alimega ndizi, akafikiri. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye masikio yaliyosimama kama ya sungura, masikio ya ukoo wao wote. "Si wanapenda peremende?"

"Peremende tu?"

"Na mpira." Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani: "Mama Koku, kwenye bao, ukichota kete ukasambaza, ukafika kwenye kona ya nje, unageuka na kete ya kona au unairuka kona?"

"Unaweka kwenye kona kama shimo lingine. Kwa nini uruke?"

"Ndivyo nilivyodhani."

"Tangu lini una hamu ya bao?"

"Nimekumbuka tu."

Hilo nalo lilikuwa la ajabu. Bao lilikuwa la Tekla. Baba yake alimfundisha akiwa msichana, kwa kuwa kaka zake walikuwa shuleni na mzee hakupenda kucheza peke yake. Alikuja nalo kwenye ndoa, akamfunga Theonest kila Jumapili ya mwaka wa kwanza, kisha wakaja watoto na kazi, na sasa bao lile lilikaa pembeni ya cherehani, mashimo yake yamejaa vifungo, kila rangi na shimo lake. Miaka mingi Theonest hakuligusa. Sasa mara ya tatu mwezi ule anauliza habari za kona. Kuna mahali alikuwa anakaa na watu, akicheza. Mahali penye udi.

Jirani yao Vaileth, aliyekuwa akienda Temeke kuchukua mitumba, ndiye aliyemalizia. Alikuja kuazima kinu akakaa mlangoni, akakishika kinu kifuani kama mtoto.

"Mie sisemi kitu, Mama Koku."

"Sema."

"Sisemi. Nimeona tu. Shemeji nimemuona Temeke, kamshika mkono mtoto, kasichana kana ushungi wake, anakanunulia ashkrimu. Wakaingia nyumba moja hivi, ina mlango wa kijani. Mwanamke kawafungulia."

"Mwanamke wa namna gani?"

"Kijana," alisema Vaileth, akainamisha kichwa kwa huruma ambayo Tekla alitamani kumpiga nayo.

Kesho yake Tekla alifunga safari mpaka Kinondoni kwa Filomena. Filomena na mumewe Projestus ndio waliowasimamia siku ya ndoa, wakatia sahihi kanisani, na msimamizi wa ndoa kazi yake haiishi siku ya keki. Mume na mke wakishindwana, kabla ya padri, kabla ya wazazi, wasimamizi huitwa. Tekla hakuwahi kuwaita. Alijivunia hilo.

"Nataka kikao," alisema kabla hajaketi. "Jumapili, baada ya misa."

Filomena aliweka chini kikombe. "Kapiga?"

"Hapana."

"Kanywa?"

"Kanunua gemu."

Filomena alisubiri maneno mengine. Tekla akamweleza yote, kidole, udi, kanga, mlango wa kijani. Alieleza kama anavyosoma vipimo vya nguo, bila machozi. Mwisho akasema: "Kama kuna mtoto, mimi nafungasha. Nyumba ya baba bado iko Kamachumu, paa zima. Sitakaa Segerea nikishonea watu sare za shule huku mume wangu anavisha mtoto Temeke."

"Umemuuliza lakini?"

"Wewe ungemuuliza?"

"Mie ningeuliza kwanza, nikalia baadaye."

"Ndiyo maana Projestus anakudanganyaga."

Jumapili asubuhi Theonest alikwenda misa ya kwanza peke yake. Tekla alibaki. Alichukua bisibisi, akafungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakipaka mafuta, akakifunga kwa blanketi na kukiweka chini nyuma ya mlango wa chumbani. Nguo angeweza kuzifuata hata baadaye. Cherehani haiachwi. Kisha akavaa gauni na viatu vya kanisani kwa ajili ya kikao.

Wasimamizi walifika na soda nne na kuku mmoja. Projestus, mnene, aliyevaa suti ya kahawia iliyombana kwapani, alifungua kikao kwa sala ndefu iliyogusa Adamu, Hawa na nyoka. Theonest alisema amina bila kujua nyoka ni yeye. Ndipo Tekla akaingia chumbani, akatoka na gemu likiwa ndani ya kanga yake, akaliweka katikati ya meza, kati ya chupa za soda.

Uso wa Theonest ulibadilika. Wote watatu waliuona ukibadilika.

"Hili ni la nani?" aliuliza Projestus kwa sauti ya hakimu.

"Langu."

"La mtoto gani?"

"Nimesema langu."

"Unalicheza?"

"Halichezeki. Limekufa jicho la kusomea sidii. Lilikuja Kurasini kwenye kontena la vitu chakavu, nikalichukua."

Tekla alicheka kicheko kifupi. "Gemu lisilochezeka, la mzee asiyecheza. Na kanga je? Nayo ilikuja na kontena?"

"Kanga ni ya Hamisa."

Filomena alivuta pumzi. Jina lilikuwa limetoka lenyewe, bila kupigwa. Projestus alifungua kifungo cha suti.

"Hamisa ni nani, Theo?"

"Mke wa Marijani. Fundi redio wa Temeke. Tunatengeneza..." Theonest alitafuta neno, akalikosa. "Mnakumbuka kabla shirika letu halijauzwa, nilikuwa chumba cha kompyuta? Hiki kidude ndani yake ni kompyuta. Kina akili kuliko lile dubwana letu lililojaza chumba kizima. Mimi na Marijani tunakiandikia programu yetu wenyewe. Si ya kiwandani. Yetu."

"Kompyuta," alisema Projestus, "si zinakufa zote mwakani, ikifika elfu mbili?"

"Hiyo ni habari nyingine, msimamizi."

"Haya, tuonyeshe," alisema Tekla. "Televisheni ile pale."

Theonest alisita. Kusita kule Tekla alikupima, urefu na upana. Mumewe alichomeka waya, akawasha. Skrini ikaja na rangi tupu, ikaganda hapo hapo. Hakuna programu. Hakuna kitu.

"Hapa haiwezi," alisema Theonest. "Kwa kuwa jicho limekufa, tunalilisha kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Na kompyuta iko Temeke."

"Kila kitu kiko Temeke," alisema Tekla.

"Mama Koku..."

"Kwa nini ulificha? Jambo halali linakaa nyuma ya sanduku la mashuka?"

Hapo Theonest, ambaye alikuwa hajawahi kuinua sauti mbele ya wasimamizi wake, aliinua kidogo. "Ningekuonyesha, lingekuwa kwa mnunua vyuma siku ile ile! Redio yangu ya mbao iko wapi?"

"Redio ile ilikaa miaka sita haisemi."

"Ilikuwa imebaki kidogo tu."

"Kidogo gani? Mende walikuwa na wajukuu humo ndani!"

"Ukaibadilisha kwa mabeseni mawili."

"Na mabeseni yapo mpaka leo! Yanafanya kazi!"

Filomena aliziba mdomo kwa leso, na haikuwa kwa ajili ya kulia. Lakini Tekla hakucheka. Redio ilikuwa kweli, mabeseni yalikuwa kweli, na ukweli mmoja haufuti mtoto mwenye ushungi. Alisimama.

"Twende Temeke. Sasa hivi. Bila kumpigia mtu simu."

"Na kuku?" aliuliza Projestus.

"Kuku amekwisha kufa, hakimbii."

Walikwenda kwa pikapu ya Projestus. Wanawake walikaa mbele. Theonest alipakiwa nyuma na gemu lake mapajani, kama mbuzi wa sikukuu. Njia nzima Tekla alikuwa akimtazama kwenye kioo cha pembeni. Hakuonekana mwenye hatia. Alionekana mwenye wasiwasi, akiizungushia kanga ile mashine kila gari lilipopita na kurusha tope. Hilo lilimuudhi zaidi. Yeye mwenyewe siku ya mvua alipewaga mfuko wa plastiki.

Mlango ulikuwa wa kijani kweli. Kabla Theonest hajagonga, ulifunguka, na kasichana ka miaka mitano hivi, kana ushungi mweupe wa madrasa uliofika kiunoni, kakamrukia miguuni.

"Babu Theo! Ashkrimu?"

Tekla alimshika mtoto kidevu, kwa upole lakini kwa nguvu, akamgeuza uso kwenye mwanga. Pua, haikusema kitu. Macho, haya wangeweza kuwa nayo watoto wote wa dunia. Masikio ndiyo yangesema, na masikio yalikuwa chini ya ushungi.

"Unaitwa nani?"

"Najma. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hujavua ushungi wako nyumbani?"

"Ndiyo kwanza nimerudi kutoka madrasa," alisema Najma.

Nyuma yake akatokea mwanamke kijana, mikono ina unga, amejifunga kanga nyekundu kiunoni. Tekla hakuhitaji kusoma. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vya maandishi yale yale. Kimoja kilikuwa mikononi mwa Theonest, na cha pili kilikuwa hapa, mwilini mwa mwenyewe.

"Sikuiba, nimepewa," Tekla aliyasoma hata hivyo, kwa sauti. "Umepewa nini, binti?"

Hamisa alijitazama kiunoni, akawatazama wageni waliovaa nguo za kanisani, akamtazama Theonest, na ukaonekana mwanga wa kuelewa ukipanda usoni mwake taratibu. Akapiga kelele ya kicheko iliyomtoa kuku uani.

"Ee mama yangu! Hii? Hii nilimvalia wifi yangu, mwaka ninaolewa! Alikuwa anadai mie nimemuibia kaka yake! Marijani! Marijani, njoo, shemeji kaja kunipiga, kadhani nimemuibia mume!"

Mwanamume mfupi, mweusi, mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe wa nyaya, alitoka chumba cha nyuma ameshika chuma cha kuchomelea kinachofuka moshi. "Shikamooni! Shemeji, ndiye wewe? Karibuni, karibuni. Mzee Theo, mbona hukusema unaleta ujumbe?"

"Sikuwa na nafasi ya kusema," alijibu Theonest.

Tekla aliona chuma kile, na ncha yake. Alitazama kidole cha mumewe. Kidole kimoja kilikuwa kimejieleza, ila kesi haikuwa ya kidole.

"Kwa nini gemu lilikuja kwangu na kanga yako?" alimgeukia Hamisa.

"Mama, paa letu linavuja. Hii masika tumelala na masufuria kitandani. Mzee akasema mashine ikilowa imekwisha, acha aipeleke kwake kwenye paa zima. Nikamfungia. Ningejua italeta wasimamizi wa ndoa ningefunga kwa gunia." Akaongeza, akifuta unga: "Na mie usidhani niliwaamini. Wanaume wawili wanajifungia chumba kimoja, pazia chini, wananong'ona namba. Nilidhani wanachapa noti. Nikawa nachungulia."

"Ukaona nini?"

"Maandishi tu, mama. Meupe, kwenye skrini nyeusi. Yanapanda, yanapanda, na wao wanayashangilia kama mpira."

Tekla alianza kumpenda yule binti, na hakutaka. "Nionyesheni," alisema.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha redio zilizopasuliwa. Juu ya meza palikuwa na kompyuta isiyo na kifuniko, matumbo yake nje, kando yake televisheni ndogo. Theonest aliliweka gemu chini kwa mikono miwili. Marijani akachomeka nyuma yake kikadi, na kutoka kwenye kikadi waya mpana ukaenda mpaka kwenye kompyuta. Theonest alikaa. Tekla aliona kwamba mgongo wake ulinyooka, kama ulivyokuwa ukinyooka zamani, alipokuwa na kiti chake kwenye chumba cha kompyuta.

Maandishi meupe yakaanza kupanda.

"Nini hicho?" aliuliza.

"Linux. Ndiyo inayoendesha hii kompyuta. Siku moja tutaiingiza ndani ya gemu lenyewe, liendeshe kila kitu bila hili dubwana. Bado haijawezekana. Kwa sasa tunaandikia huku, tunapeleka kule."

"Hiyo Linux ni mali ya nani?"

"Ya wote."

"Cha wote ni cha nani?"

"Watu wanaiandika, huku na huku duniani, wanagawa bure. Kijana wa chuo kikuu alitupatia sidii."

"Bure." Tekla alikunja mikono. "Na wao wanataka nini?"

"Hawataki kitu, Mama Koku."

"Hata sisi tulikuwa na duka la ushirika, la wote. Unakumbuka lilivyoisha?"

"Hili halina meneja wa kula sukari," alisema Marijani, na Projestus akacheka mpaka kifungo cha pili kikafunguka.

Televisheni ndogo ilizimika, ikawaka. Na juu ya kioo, kwa mistari ya kijani iliyopindapinda kidogo, likatokea bao.

Lilikuwa bao kabisa. Safu nne, mashimo manane kila safu, na ndani ya mashimo vidoto vyeupe, kete. Tekla alisogea. Hakujua kwamba alikuwa amesogea mpaka goti lake lilipogonga meza.

"Ndiyo maana ulikuwa unaniuliza kona," alisema.

"Kuna kitu hakikai sawa," alisema Theonest bila kugeuka. "Mchezo unaishaga vibaya. Mashine inashinda wakati haistahili. Nikadhani nimekosea sheria, ndiyo nikawa nauliza. Sheria ziko sawa. Mwezi mzima sioni."

"Nipe hicho kishikio."

Alikaa kwenye kigoda cha Hamisa, gauni la kanisani magotini, kishikio cha gemu mikononi kama mtu aliyepewa samaki mzima. Marijani alimwonyesha kitufe cha kuchagua shimo na kitufe cha kuchota. Alicheza. Mashine ikajibu, vidoto vikitembea kimoja kimoja kuzunguka bao. Alicheza tena. Hakutazama upande wake. Mchezaji wa kawaida hutazama kete zake. Tekla alitazama za mwenzake, kwa jicho lile lile alilotazamia kidole, udi, na kusita.

"Imeiba," alisema.

"Nani?"

"Mashine yako. Imechota saba, imeweka sita."

"Haiwezi kuiba, hiyo ni hesabu tu."

"Na meneja wa ushirika alisema hivyo hivyo. Irudishe nyuma ifanye tena."

Theonest alirudisha. Mashine ikachota. Tekla alihesabu kwa sauti, na chumba kizima kikahesabu naye, hata Projestus. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye kona ya nje kete iliyeyuka. Tano, sita. Mwisho.

"Pale," alisema Tekla. "Kwenye kona. Inageuka na kete mfukoni, kama muuza nyama na kidole kwenye mzani."

Theonest aligeukia kompyuta, akapandisha maandishi, akashusha, akasimamisha kidole chenye kovu kwenye mstari mmoja. Masikio yake yakamwaka moto kwa aibu.

"Nimeanza kuhesabu upya baada ya kugeuka," alinong'ona. "Ile ya kona nimeihesabu mkononi lakini sikuiweka."

Wakati anasahihisha, Hamisa alileta chai ya tangawizi na sambusa. Najma alikuja kuegemea goti la Tekla ili atazame vidoto. Kwa joto la chumba akavua ushungi. Tekla alitazama chini. Masikio yalikuwa madogo, yamelala bapa kichwani, yamebandikwa kama ya Marijani mwenyewe, ndewe zao za mraba hivyo hivyo.

Alimwekea mtoto sambusa mkononi. "Kula," alisema, kwa sauti kali kuliko alivyokusudia.

"Tayari," alisema Theonest. "Jaribu."

Tekla alijaribu. Mashine ilichota saba. Ikaweka kete kwenye kona, ikageuka, ikafika mwisho. Na upande wa Tekla, kwenye shimo lililokuwa tupu, ikaota kete mpya isiyojulikana ilikotoka.

"Sasa inahonga," alisema Tekla.

Marijani alikaa chini akicheka. Theonest naye alicheka, mara ya kwanza siku ile, paji la uso likiwa limeegemea kioo. Filomena alimgusa Tekla begani, akauliza kwa sauti ya chini, ya kikao: "Basi? Tufunge kwa sala?"

"Bado. Nina neno." Tekla aliweka kishikio chini. "Baba Koku."

"Naam."

"Hii mashine inakuja nyumbani. Na hilo dubwana lisilo na nguo. Vikae sebuleni, mbele ya macho yangu, mpaka Marijani azibe paa lake. Marijani aje atakapo. Jumamosi mtafanya baada ya jumuiya, si badala ya jumuiya. Na hakuna kitu kwenda juu ya kabati."

"Na mnunua vyuma?"

Tekla alifikiri. Hakupenda kuahidi asichokijua. "Ikifanya kazi, hakiuzwi kitu," alisema. "Isipofanya kazi tutaongea kwanza."

Kwa Theonest hilo lilikuwa jingi. Aliitika kwa kichwa, akaanza kuchomoa waya. Hamisa akaikung'uta kanga, akaifunga tena mashine, akakaza fundo.

"Utairudisha lini?" alimuuliza Tekla.

"Ikishafuliwa. Inanuka udi."

Giza lilikuwa halijaingia walipofika Segerea. Wasimamizi walikwenda jikoni kumshughulikia kuku. Theonest aliingia sebuleni amebeba kompyuta kifuani, akatafuta mahali pa kuiweka, na macho yake yakatua kwenye meza ya cherehani. Ilikuwa wazi. Tundu lilibaki pale kichwa kilipokuwa, na bao la vifungo pembeni yake. Akatazama huku na huku, mpaka chumbani, akaliona blanketi nyuma ya mlango, na umbo lililokuwa ndani ya blanketi.

Aligeuka, kompyuta bado kifuani.

"Ulikuwa unaondoka," alisema.

Tekla alikuwa akivua viatu vya kanisani. Alivua cha kwanza, akavua cha pili, akaviweka sambamba chini ya kiti. Kisha akavuta droo ya meza, akatoa bisibisi, akamnyooshea.

"Si wewe ni fundi? Kirudishe. Na ukaze vizuri, kesho nina sare za watu."

Theonest aliweka kompyuta chini, akaipokea bisibisi. Tekla alivuta kigoda karibu, akakaa, akamtazama akiingiza skrubu moja moja, asije akaruka yoyote.